Usangu, Unanisikia?

Yotamu aliifuta maiki kwa leso yake, akaiweka mezani, akaichukua tena, akaifuta. Haikuwa na vumbi. Ni viganja vyake vilivyokuwa vinatoka jasho, na Iringa wakati wa masika, mvua ikipiga mabati tangu asubuhi, si mahali pa kijana mzima kutokwa na jasho akiwa amekaa kitini.

"Utaimaliza hiyo," alisema Mwalimu Bartholomeo, msimamizi wa chumba cha simu ya upepo pale chuoni. "Iweke chini. Hiyo si sufuria."

"Samahani, mwalimu."

"Taarifa za chuo zimekwisha. Muda huu nakupa kwa sababu nimechoka kukuona unazungusha ugali kwenye sahani bila kula. Mkuu wa chuo akiuliza, mimi nilikuwa nimekwenda kujisaidia."

"Ahsante, mwalimu."

"Na hao wafukuze."

Hao walikuwa wanachuo wenzake, waliobanana dirishani na makoti yao ya mvua, kila mmoja akijifanya anapita tu. Yotamu aliwatazama kwa macho ya kuomba. Hakuna aliyeondoka. Mmoja alimpungia mkono wa kumtia moyo, mwingine akasema, "Sisi tutakaa kimya, kaka, wewe endelea," kana kwamba amekuja kutahiriwa.

Kwa wewe msomaji ambaye hukuikuta simu ya upepo, nikueleze kidogo. Lilikuwa sanduku la chuma lenye spika na taa nyekundu, na waya mrefu uliopandishwa juu ya mkaratusi. Chuo kililifunga ili kupata habari za wanachuo waliotawanywa kwenye shule za mbali kwa mazoezi ya kufundisha. Masafa yalikuwa yaleyale ya zahanati za misheni na ofisi za kanisa, kuanzia Ilula mpaka Mbeya. Aliyebonyeza kitufe ndiye msemaji, na wengine wote ni wasikilizaji, wapende wasipende, mpaka aseme "ova", yaani nimemaliza, na kuachia. Ukibonyeza na mwenzako amebonyeza, unasema na ukuta. Na jambo ulilomwambia mtu mmoja limesikika kila penye sanduku. Vijana wa leo wanaotangaza mapenzi yao kwa dunia nzima kwa kidole kimoja wanadhani wao ndio wa kwanza. Wangemuuliza Mama Marta wa Ilula, aliyekuwa anaziacha nyanya zake barabarani kila saa kumi jioni ili akakae ofisi ya kanisa kusikiliza ya watu.

Ya Yotamu na Ng'washi aliyasikiliza tangu mwanzo.

Ng'washi binti Limbu alisoma darasa moja na Yotamu pale chuoni. Baba yake alishuka na mifugo kutoka Usukumani, akapiga kambi mbuga za Usangu, akaona majani ni mazuri, akabaki. Binti alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na macho ambayo yakikuangalia unasahau sentensi uliyoianza. Yotamu alisahau sentensi nyingi. Yeye alikuwa Mnyakyusa, mtoto wa mzee wa kanisa huko Ilomba, Mbeya, kijana wa vitabu, mpole, anayeona haya hata kuomba chumvi mezani. Wenzake walipopelekwa mashuleni naye akabakizwa chuoni kumsaidia Mwalimu Bartholomeo, alijiona ameonewa. Hakujua kwamba Ng'washi amepangiwa shule ya kule kwao Usangu, na kwamba zahanati ya jirani ina sanduku.

"Iringa, hapa Usangu," sauti ikawa inamjia kila jioni. "Leo nimefundisha kugawanya. Watoto wameelewa. Ova."

"Usangu, rudia tafadhali, sijasikia vizuri. Ova."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Alitaka kusikia tena tu, basi. Na Ng'washi alirudia, polepole, kwa sauti yenye kicheko ndani yake, kila siku, hadi Mama Marta siku moja akaingia hewani akasema, "Ilula hapa. Mimi nimesikia kugawanya. Kama Iringa ina masikio mabovu nije niyasafishe? Ova." Zahanati zote zilicheka jioni ile.

Hivyo ndivyo penzi lilivyokua, mbele ya watu, neno kwa neno, kila neno likiishia na ova. Kisha jioni moja Ng'washi alikuja hewani sauti ikiwa imepungua.

"Baba amenitoa shuleni. Kuna watu wamekuja na ng'ombe. Ni rafiki zake wa zamani, na kijana wao. Wanahamia mbali, wanataka kuondoka na mimi. Yotamu, kijana mwenyewe simjui hata sauti. Ova."

Mzee Limbu hakuwa katili. Alimpenda binti yake kuliko hata alivyokuwa tayari kuonyesha. Lakini habari za kijana wa Iringa alizisikia kutoka kwa Nesi Esta, aliyekuwa anaitunza simu ya zahanati, na zikamshangaza.

"Kijana ya sanduku?" aliuliza. "Haina wazee? Mimi siozi mtoto kwa sauti. Baba yake ije hapa tuonane."

Aje kwa njia gani? Mito ilikuwa imefurika, mbuga nzima imekuwa ziwa, hakuna gari lililothubutu kuingia. Nesi Esta ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali hili: baba wa kijana atazungumza kutoka ofisi ya kanisa Mbeya, kwa simu ya upepo, mzee kwa mzee. Kisha Ng'washi ataulizwa, naye ajibu kwa kinywa chake, baba yake akisikia na baba wa kijana akisikia. Akisema anamtaka, wenye ng'ombe watarudishwa na ng'ombe wao. Asiposema, kesho alfajiri anaondoka nao.

Upande wa pili nako mambo hayakuwa lelemama. Mzee Asukile, baba yake Yotamu, alikataa kabisa.

"Msukuma?" alimwambia mwanawe siku ile alipopelekewa habari. "Leo yuko hapa, kesho kafuata majani. Utakuwa unamtafuta mkeo kwa nyayo za ng'ombe?"

Ni Mama Damari, mama yake Yotamu, aliyemlainisha mumewe, usiku na mchana, hadi mzee akavaa koti lake la Jumapili siku ya kazi, akashika mwavuli, akaenda ofisi ya kanisa kuomba mchumba kwa sanduku. Kwa mtu mwenye heshima zake kama Mzee Asukile, huko kulikuwa kujishusha kukubwa.

Kila kitu kilikuwa tayari. Lilibaki neno moja tu kutoka kinywani mwa Ng'washi, na neno hilo Yotamu alikuwa na hakika nalo kama alivyokuwa na hakika na jina lake.

Kitu kimoja tu alikuwa amekisahau.

Siku moja kabla Ng'washi hajaondoka chuoni, walikaa kwenye ngazi za maktaba, wakiwa wameacha nafasi ya kitabu kati yao ili watu wasiseme. Ng'washi alimuuliza, "Kwenu wakwe wanaishije?"

"Kwetu ni kazi," alijibu Yotamu, akijidai kidogo, maana mwanamume akipendwa hujidai hata kwa mila za babu yake. "Mwanamke haonani na baba mkwe. Akisikia anakuja njiani, anaingia migombani, anajifunika, anageuka. Na hasemi. Mama yangu hakuwahi kutamka neno babu akiwa anaweza kumsikia."

"Hata babu akimwita?"

"Hata akimwita."

"Hata nyumba ikiungua?"

Yotamu alicheka. "Ikiungua apige sufuria."

Ng'washi hakucheka. Alikuwa anamwangalia kwa yale macho yake. "Hata kwetu yapo. Baba yangu mpaka leo hakai penye bibi, mzaa mama. Ni heshima. Mimi nitaweza, Yotamu."

"Utaweza nini?"

"Kunyamaza. Baba yako asije akasema umeoa mtu asiye na adabu."

Neno hilo *nitaweza* lilimpanda Yotamu kichwani. Kwa furaha alisahau kumwambia kwamba mambo hayo yalikuwa ya babu. Baba yake, mzee wa kanisa, alikwisha kuyatupa siku nyingi. Wake za kaka zake walikuwa wanamwandalia chai na kugombana naye kuhusu sukari.

* * *

Spika ilikoroma, kisha ikafunguka.

"Iringa, Iringa, hapa Usangu. Mnanisikia? Ova."

Alikuwa Nesi Esta. Yotamu alibonyeza kitufe kwa nguvu hadi ukucha ukawa mweupe.

"Usangu, nakusikia. Ova."

"Betri yangu imechoka. Gari la kuichaji halijapita kwa sababu ya maji. Kwa hiyo msizungushe maneno. Mzee Limbu yuko hapa, binti yuko hapa. Mbeya wapo? Ova."

"Mbeya tupo," ilijibu sauti ya karani wa kanisa. "Mzee Asukile ndiyo anavua koti limelowa. Dakika moja tu. Ova."

"Basi binti anataka kusalimia Iringa kwanza. Haraka. Ova."

Halafu sauti ya Ng'washi.

"Yotamu. Ova."

Alikuwa amepanga maneno mazuri tangu jana. Alikuwa ameyasema mbele ya kioo cha bwenini. Yote yalimtoroka.

"Ng'washi. Umekula? Ova."

Dirishani watu walibana vicheko.

"Nimekula kidogo. Na wewe? Ova."

"Na mimi kidogo. Ova."

"Ilula hapa," aliingia Mama Marta. "Jamani, betri. Ova."

"Yotamu," alisema Ng'washi, na sasa hapakuwa na kicheko ndani ya sauti, "wale wameshafunga mizigo. Mama amenisuka leo. Alikuwa ananisuka huku machozi yananidondokea shingoni. Sikuweza kumuuliza analilia nini. Ova."

"Hutakwenda nao. Baba yangu amekubali, Ng'washi. Yuko Mbeya hapo, amekuja kwa ajili yako. Mimi nakupenda. Nasema mbele ya wote hawa, nakupenda. Ova."

Neno hilo lilikuwa zito kwa kijana anayeona haya kuomba chumvi. Mwalimu Bartholomeo aligeuka akaangalia kalenda ya ukutani kwa makini sana.

"Na mimi," alisema Ng'washi. "Naogopa, lakini nimejiandaa. Nakumbuka yote uliyoniambia kwenye ngazi za maktaba. Nitafanya vilevile. Sitakuaibisha mbele ya baba yako. Ova."

Yotamu alitabasamu. Ngazi za maktaba! Bado anazikumbuka. Tabasamu lilikuwa bado usoni pale maana ya maneno yale ilipomfikia.

Akabonyeza. "Ng'washi, hapana! Sikiliza. Yale nilikuambia ya zamani, ya babu. Baba yangu hana mambo hayo. Akikuuliza mjibu. Umenielewa? Mjibu! Ova."

Akaachia. Kwenye spika sauti ya baba yake ilikuwa tayari katikati ya safari.

"...jina la Bwana, mzee mwenzangu. Mimi ni Asukile wa Ilomba."

Walikuwa wamebonyeza pamoja, na Mbeya ilikuwa jirani zaidi na Usangu. Yotamu alikuwa amesema na ukuta.

"Amenisikia?" alimuuliza Mwalimu Bartholomeo. "Mwalimu, amenisikia?"

"Sidhani," alisema mwalimu. "Kuna nini?"

Baba yake Yotamu alikuwa anaendelea, kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo kanisani.

"Sitakuficha. Jambo hili nililikataa. Nilisema maneno mabaya juu ya watu wenu, na leo nayameza. Mke wangu amekaa hapa, shahidi wangu. Kijana wangu anampenda binti yako. Nimekuja kuomba, mzee. Sijawahi kuomba kitu kwa mtu nisiyemwona uso. Ova."

Ikasikika mikwaruzo na sauti ya Nesi Esta ikielekeza, hapo, bonyeza hapo, usiachie mpaka umalize.

"Mwadila, baba," ilisalimia sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali. "Mimi Limbu. Nimesikia maneno yako. Ni maneno ya mtu mkubwa, na mimi nimefurahi. Sina maneno mingi. Mtoto yangu iko hapa. Muulize wewe mwenyewe, mimi nashika hii kitu karibu na mdomo yake. Ova."

"Ng'washi, mwanangu," alisema Mzee Asukile, na sauti ililainika kuliko Yotamu alivyowahi kuisikia ikilainika. "Hujambo? Ova."

Mzee Limbu alibonyeza. Yotamu alijua amebonyeza kwa sababu mkoromo wa spika ulikatika, na badala yake kikaingia chumba kizima cha zahanati ya Usangu: mvua juu ya mabati, kengele ya ng'ombe mahali fulani nje, na karibu kabisa, pumzi. Alizitambua pumzi zile. Alikuwa amezisikiliza kila jioni kabla ya kila "Iringa, hapa Usangu."

Hakuna neno.

Mzee Limbu akaachia, na Mzee Asukile akarudi. "Usiniogope, mwanangu. Nakuuliza kama mzazi wako. Unamtaka Yotamu awe mume wako? Sema ndiyo, au sema hapana. Ova."

Pale pale Yotamu akabonyeza. "Ng'washi, ni mimi. Sema! Baba ameruhusu! Sema ndiyo!"

"Achia," alisema Mwalimu Bartholomeo.

"Sema tu, Ng'washi!"

"Achia, kijana! Baba yake ameshabonyeza. Hawakusikii. Unajipigia kelele mwenyewe."

Aliachia. Chumba cha zahanati kikarudi na pumzi zake. Mvua. Kengele. Halafu sauti ya Nesi Esta, ya mbali kidogo, ikisema, "Mzee, ameinama. Amejifunika kanga mpaka usoni. Tazama, amegeukia ukutani."

Dirishani hapakuwa tena na kicheko. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliweka mkono mdomoni.

"Ng'wanone," alisema Mzee Limbu taratibu, "mwanangu, baba ya watu inakuuliza. Jibu. Mimi sikukasirikii. Jibu tu."

Pumzi, nyepesi, za haraka, kama za mtu anayepanda kilima. Ng'washi alikuwa amesimama mita chache kutoka kwenye neno la maisha yake yote, na alikuwa ameling'ata kwa meno, kwa mapenzi. Yotamu alimwona vizuri kana kwamba yuko mbele yake, mgongo umegeuka, kanga imefunika ule msuko wa mama yake. Alikuwa anafanya kila kitu sawasawa. Hakukosea hata kimoja.

"Mwalimu, hakuna namna?" alisema. "Hakuna namna ya kuingia juu yake?"

"Hakuna. Mpaka aachie."

Lakini Mzee Limbu hakuachia. Alishusha pumzi ndefu iliyojaa kwenye spika.

"Basi, ndugu yangu Asukile," alisema. "Mimi nakwambia kweli. Nilikuwa nimekubali. Kwenye roho yangu nilishaona ng'ombe ya watu inarudi. Nilitaka tu mtoto iseme, nisikie, halafu nipige kelele kidogo kama baba, halafu tucheke. Nilishaanza kuipenda hii kijana ya sanduku. Lakini mtoto umesikia mwenyewe. Kwetu binti akiulizwa juu ya mwanaume akageukia ukuta, amekataa. Siwezi kumlazimisha kwenda kwako. Na wale wanangoja nyumbani, siwezi kuwafukuza bila neno. Tusigombane. Wewe umeomba vizuri."

"Mzee!" Yotamu aliiita spika, bila hata maiki, kama mtu aliyepungukiwa akili. "Mzee Limbu! Hajakataa!"

"Nesi, zima hii kitu. Betri ya watu."

Ndipo ikaja ile sauti.

Ilikuwa ya bati. Ko! Ko! Ko! Mtu alikuwa anapiga beseni, lile la kuoshea mikono lililokuwa mlangoni pa zahanati, anapiga kwa nguvu zote, bila mpango. Ko! Ko! Ko!

"Nini tena?" alisema Mzee Limbu. "Ng'washi! Acha! Unavunja vitu ya watu, acha!"

Ko! Ko!

Na spika ikafungwa.

Yotamu alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Katika watu wote waliokuwa wanasikiliza, kutoka Ilula mpaka Mbeya, ni yeye peke yake aliyejua kwamba nyumba inaungua.

"Usangu, Usangu, hapa Iringa! Usizime! Nesi Esta, usizime! Ova!"

Mkoromo.

"Usangu, unanisikia? Ova!"

Aliyejibu alikuwa baba yake.

"Yotamu." Ile sauti laini ilikuwa imekwisha. "Umesikia mwenyewe? Nimemsalimia, hakuitikia. Nimemuuliza kwa upole, kanyamaza. Na mwisho ananipigia mabeseni kama anafukuza nyani shambani. Nimevaa koti langu nikaja kudharauliwa mbele ya makanisa yote. Binti hana adabu. Ova."

Yotamu alijaribu kubonyeza, kidole kikateleza kwa jasho. Alibonyeza tena.

"Baba," alisema. "Hiyo ndiyo adabu. Ova."

"Adabu gani? Ova."

"Mimi ndiye nilimfundisha. Nilimwambia kwetu mke hasemi mbele ya baba mkwe, hata akiitwa. Sikumwambia kwamba ninyi mmeacha. Akaniahidi ataweza. Baba, alijifunika, akageuka. Alikuwa amekwisha kukufanya mkwe. Mama yuko hapo? Muulize mama yeye kwa babu alikuwa anafanyaje. Ova."

Kutoka Ilula mpaka Mbeya wote walikuwa wanasikiliza, hilo lilijulikana.

Kisha ikaja sauti ya Mama Damari, ambaye hakuwahi kushika maiki maishani mwake, na aliyesema kwa sauti ya juu mno kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Baba Yotamu, mimi nilimjua. Alipogeuka nilimjua, nikasema moyoni, huyu mbona anafanya kama mimi, nikadhani najidanganya. Mimi kwa baba yako niliishi hivyo mpaka tunamzika. Wakwe zako wote wanakupikia, hakuna hata mmoja aliyekuheshimu kama mtoto huyo. Mwite! Mwite upesi!" Hakusema ova. Hakujua.

"Usangu," alisema Mzee Asukile. "Usangu, Usangu, hapa Mbeya. Mzee Limbu, subiri. Mzee, nimekosea mimi. Binti hajakataa. Ova."

Mkoromo.

"Wameshatoka," alisema Mwalimu Bartholomeo kwa sauti ndogo. "Au betri. Wakizima pale, hawawashi mpaka kesho jioni."

"Kesho alfajiri anaondoka."

"Najua, Yotamu."

"Nitakwenda. Nitapanda gari sasa hivi."

Lakini hakuchukua hata hatua moja kuelekea mlangoni. Gari lingemfikisha barabara kuu. Baada ya hapo yalikuwa maji, na usiku, na maji mengine.

"Ilula hapa," ilisema sauti ya Mama Marta. "Nesi Esta, mwanangu, washa. Usangu, washa. Ova."

Zahanati nyingine, ambayo Yotamu hakuwahi kuisikia ikisema lolote zaidi ya kuagiza dawa, iliingia nayo. "Usangu, Usangu, tafadhali. Ova." Na nyingine. Na nyingine tena. Watu waliokuwa wanasikiliza penzi lao kwa kuiba tangu masika hayajaanza walikuwa wanajitokeza mmoja mmoja, wakipeana nafasi, kila mmoja akibonyeza na kuachia, Usangu, unanisikia, Usangu, unanisikia, na kila walipoachia hakukuwa na mtu.

Baadaye sauti hizo zilichoka. Ikabaki moja. Ilikuwa ya mzee aliyesahau koti, na makanisa yote, na heshima zake.

"Ng'washi, mwanangu. Hapa ni baba yako. Nimekuruhusu. Sema nami. Ova."

Akangoja.

"Ng'washi, mwanangu. Nimekuruhusu kusema. Ova."

Yotamu aliokota kiti, akakaa, akaongeza sauti ya spika mpaka mwisho. Ilikuwa mvua ya Iringa tu, juu ya mabati.